Kuingia droo za zawadi Uingereza kwa kadi ya posta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kurasa za droo za Uingereza zimejaa magari yanayong'aa, nyumba za mashambani na pesa taslimu, na kila tiketi ina bei yake. Chini kabisa, kwenye maandishi madogo ya vigezo na masharti, karibu kila droo ina njia ya pili: andika kadi, bandika stempu, tia kwenye sanduku la posta. Majibu haya ni ya wanaoishi England, Scotland na Wales. Bei za stempu ni zile zilizoanza tarehe 7 Aprili 2025. Royal Mail, kampuni ya posta ya Uingereza, hupandisha bei karibu kila mwaka, kwa hiyo angalia bei ya siku kabla ya kupiga hesabu zako.

Kwa nini kampuni inayouza tiketi ikubali kadi ya bure?

Sheria ndiyo inayoibana, si ukarimu. Chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2005, mtu akilipia nafasi ya kushinda zawadi inayotolewa kwa bahati tupu, hiyo ni bahati nasibu, na mfanyabiashara wa kawaida haruhusiwi kuiendesha kwa faida yake. Njia za kukwepa ni mbili. Ya kwanza ni kuweka swali gumu kiasi kwamba sehemu kubwa ya watu watakosa au wataacha kushiriki. Ya pili ni kufungua mlango wa bure.

Mlango huo una masharti yake kisheria. Lazima uwe barua ya posta ya kawaida, daraja la kwanza au la pili, au njia nyingine isiyo ghali wala usumbufu kuliko kulipa. Lazima utangazwe mahali ambapo kila anayetaka kushiriki ataweza kuuona. Na wakati wa kugawa zawadi, tiketi ya kadi isibaguliwe na ya kulipia. Gharama ya stempu yenyewe haihesabiwi kuwa malipo.

Ukikuta swali kama "Mji mkuu wa Ufaransa ni upi?" likiwa na majibu matatu ya kuchagua, jua kwamba swali hilo halimzuii mtu yeyote, na ndiyo maana mlango wa posta upo. Mashindano ya ujuzi wa kweli, kama yale ya kukisia mpira uliofutwa kwenye picha uko wapi kisha majaji wakaamua, yanaweza kukosa njia ya posta kabisa bila kuvunja sheria.

Je, kweli ni bure?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa wakidhani wanaokoa. Kuanzia Aprili 2025 stempu ya daraja la pili ilikuwa peni 87, ya daraja la kwanza pauni 1.70. Mwanzoni mwa 2021 daraja la kwanza lilikuwa peni 85, yaani kufikia hapo bei ilikuwa imeongezeka maradufu kamili. Ongeza kadi yenyewe, na kwa bei hizo kila jaribio lilikugharimu karibu peni 90 kwa uchache.

Sasa tazama bei za tiketi. Droo nyingi za mtandaoni siku hizi zinauza tiketi kwa peni 10, 25, 49 au 99. Kutuma kadi ya peni 90 ili kupata tiketi ya peni 25 ni kununua tiketi hiyo kwa zaidi ya mara tatu ya bei, kisha usubiri posta na uombe isichelewe. Posta ina maana pale tiketi inapouzwa pauni 2 kwenda juu, au pale kadi moja inapohesabiwa kuwa tiketi nyingi, jambo ambalo baadhi ya droo kubwa za nyumba huliruhusu. Droo ya tiketi ya chini ya pauni moja, iache posta ipumzike.

Nitajuaje kama droo inastahili stempu yangu?

Gawa thamani ya zawadi kwa idadi ya juu ya tiketi, halafu linganisha na gharama ya kadi.

Gari la pauni 30,000 lenye tiketi 60,000: kila tiketi ina thamani ya peni 50. Kadi ya peni 90 inakula hasara kabla haijafika. Pesa taslimu pauni 100,000, tiketi 40,000 zinazouzwa pauni 5 kila moja: thamani ni pauni 2.50. Anayelipa anapoteza nusu ya pesa yake kwa hesabu, anayetuma kadi analipa peni 90 kwa kitu cha pauni 2.50. Hiyo ndiyo droo ya kutafuta.

Droo nzuri zaidi ni ile inayochezeshwa tarehe iliyopangwa hata tiketi zisipoisha. Kama kwenye mfano huo wa pili zimetoka 25,000 tu, thamani ya kila tiketi inapanda hadi pauni 4. Waandaaji wengi huonyesha kwenye ukurasa idadi iliyokwishauzwa. Itazame siku kadhaa mfululizo ujue kasi yake.

Usisahau upande wa pili wa hesabu. Kadi 10 katika droo ya tiketi 40,000 zinakupa nafasi moja kati ya 4,000, kwa gharama ya pauni 9. Thamani nzuri kwenye karatasi haimaanishi utashinda mwaka huu wala ujao. Jiwekee kiwango cha mwezi, tuseme stempu nane, na zikiisha zimeisha.

Niandike nini kwenye kadi?

Fungua vigezo na masharti ya droo husika, tafuta maneno "free entry" au "postal entry", na ufuate kilichoandikwa hapo neno kwa neno. Masharti ya kampuni moja hayafanani na ya nyingine. Kwa kawaida wanataka jina kamili, anwani pamoja na postikodi, namba ya simu, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, jina la droo, na jibu la swali kama lipo. Wengine wanataka pia sahihi.

Makosa yanayotupa kadi nyingi kapuni ni haya. Kukosa jibu la swali, au kuandika jibu lisilo sahihi. Kutaja "gari la BMW" wakati wana droo tatu za BMW wiki hiyo. Nakili jina la droo kama lilivyo, na namba yake ikiwepo. Kutumia barua pepe tofauti na ile ya akaunti. Hili la mwisho ni kubwa: kampuni nyingi zinadai uwe umeshafungua akaunti kwenye ukurasa wao kabla kadi haijafika, kwa sababu tiketi yako inaingizwa kwenye akaunti hiyo. Hakuna akaunti, hakuna tiketi.

Na majina. Sisi tuna mazoea ya majina matatu, jina la nyumbani, jina la pasipoti, na la kazini likiwa jingine tena. Chagua lile lililo kwenye kitambulisho na ulitumie kote: kwenye kadi, kwenye akaunti, kwenye benki. "Mama Asha" anajulikana mtaa mzima, lakini mwandaaji wa droo hana njia ya kumlipa.

Kadi ya aina gani, na kalamu gani?

Kadi nyeupe isiyo na picha, ukubwa wa A6, yaani milimita 105 kwa 148. Ukinunua karatasi ngumu za A4 za gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba na kuzikata vipande vinne, unapata hizo hizo kwa bei ndogo. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hujikunja na kuchanika kwenye mashine za kuchambulia barua. Kadi ndogo za kumbukumbu zinazouzwa madukani za inchi 5 kwa 3 pia ziepuke, maana ni rahisi kukwama au kupotea katikati ya barua kubwa.

Tumia kalamu ya kawaida ya wino mweusi. Kalamu za jeli huandika vizuri lakini wino unayeyuka kadi ikinyeshewa, na Uingereza mvua haina msimu. Andika kwa herufi kubwa, hasa barua pepe. Herufi O na sifuri, I na 1, ndizo zinazopoteza watu: karani anayeingiza kadi mia mbili kwa siku hatakaa kukisia. Stempu ibandike kona ya juu kulia, anwani ya mpokeaji upande huo huo wa stempu, na maelezo yako upande wa nyuma.

Karibu masharti yote yanataka mwandiko wa mkono. Lebo zilizochapishwa, mihuri na kadi zilizotolewa nakala hukataliwa.

Kadi tupu au ndani ya bahasha?

Bei ni ile ile, kwa kuwa barua ya kawaida inaruhusiwa hadi gramu 100 na unene wa milimita 5. Tofauti ni siri zako. Kadi tupu inabeba jina, anwani, simu na tarehe ya kuzaliwa mbele ya kila mtu anayeishika, na hivyo ndivyo vitu anavyovihitaji mwizi wa utambulisho. Masharti yakiruhusu bahasha, tumia bahasha. Tatizo ni kwamba kampuni nyingi zinadai kadi isiyofungwa, na hapo bahasha yako itakataliwa hata kama kila kitu kiko sawa. Ukilazimika kutuma kadi tupu, tumia barua pepe na namba ya simu ulizozitenga kwa ajili ya droo tu.

Naweza kutia kadi kumi kwenye bahasha moja?

Karibu kila mahali, hapana. Kadi moja, stempu moja, tiketi moja. Bahasha yenye kadi kumi huhesabiwa kuwa moja, au hutupwa yote. Kupeleka kwa mkono ofisini kwao pia hakukubaliwi, wala barua za kusajiliwa. Wanataka posta ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyotajwa kwenye sheria, na kwa kweli kwa sababu stempu ndiyo inayowapunguzia mzigo wa kadi.

Idadi ya juu ya tiketi kwa mtu mmoja inahusu njia zote mbili pamoja. Kama kikomo ni 50 na umeshanunua 20, kadi ya 31 haina kazi.

Daraja la kwanza au la pili? Nitume lini?

La pili, na utume mapema. Tangu tarehe 28 Julai 2025, Royal Mail ilianza utaratibu wa kufikisha barua za daraja la pili siku moja ndani siku moja nje, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi haziendi kabisa. Lengo lao bado ni siku tatu za kazi, lakini lengo ni lengo. Ongeza siku mbili ambazo mwandaaji anahitaji ili kuingiza kadi. Siku 10 kabla ya kufungwa ni salama, na 14 ikiwa ni Desemba au Pasaka.

Hatari ya kweli ni droo kujaa kabla ya tarehe. Masharti mengi yanasema kadi inayofika baada ya tiketi kuisha haina thamani, na stempu hairudishwi. Ndiyo sababu droo inayouzika haraka, ile ya tiketi elfu moja inayoisha kwa siku mbili, haifai kabisa kwa posta. Unaweza kutumia daraja la kwanza kwa droo moja kubwa uliyochelewa kuiona, lakini piga hesabu upya ukitumia bei ya daraja hilo.

Naweza kupata stempu kwa bei nafuu?

Kwa uaminifu, njia ni mbili. Stempu za kawaida hazina bei juu yake, zina neno "1st" au "2nd" tu, na zinabaki halali hata bei ikipanda. Royal Mail hutangaza bei mpya wiki kadhaa kabla. Siku hizo ndizo za kununua za miezi sita.

Njia ya pili ni stempu za ukumbusho. Zile zenye picha, zilizotolewa kwa ajili ya Krismasi, michezo au wanyama, hazikuhitaji msimbopau na bado zinatumika. Wafanyabiashara wa stempu huuza mafungu ya zamani ambayo hayajatumika chini ya thamani iliyoandikwa. Unabandika mbili au tatu hadi zifike bei ya daraja la pili, ukihakikisha kadi ina nafasi ya kutosha. Zisizotumika tena tangu 2023 ni stempu za kawaida zenye kichwa cha malkia na zisizo na msimbopau. Kama unazo nyumbani, Royal Mail inazibadilisha bure kwa mpya.

Stempu mpya zenye msimbopau zinazouzwa nusu bei mitandaoni, achana nazo. Za bandia ni nyingi. Kadi yenye stempu kama hiyo inaweza kurudi ilikotoka au kupotea.

Nimetuma lakini jina langu halipo kwenye orodha.

Kampuni makini hutuma barua pepe yenye namba ya tiketi, au huionyesha kwenye akaunti, kisha hutoa orodha ya washiriki kabla ya droo. Angalia kwanza kwenye barua taka. Ukikosa, andika kabla ya droo kuchezeshwa, si baada, na uambatishe picha ya kadi pande zote mbili. Kwa hiyo piga picha kila kadi kabla ya kuitupa sandukuni.

Ukiposti kwenye kaunta ya ofisi ya posta, omba cheti cha kuposti. Ni cha bure. Hakithibitishi kwamba kadi ilifika, na masharti yatakukumbusha hilo, lakini kadi nne zenye vyeti zikipotea kwa kampuni moja, una hoja ya kupeleka malalamiko. Weka daftari lenye safu nne: droo, tarehe ya kutuma, tarehe ya kufungwa, namba ya tiketi. Baada ya miezi mitatu daftari litakuonyesha kampuni zipi kadi zako hufika na zipi huyeyuka.

Vipi kuhusu zawadi za papo kwa papo?

Hizi ni zawadi anazopata mtu palepale anapopewa namba ya tiketi, bila kusubiri droo. Namba zinazoshinda huwa zimepangwa tangu mwanzo, na kadi yako hupewa namba ya bahati siku inapoingizwa. Kufikia siku hiyo nyingi zimeshachukuliwa. Kwenye hesabu yako, ingiza zile tu zilizobaki, au usiziingize kabisa.

Niko Mombasa, au Dar es Salaam, au Muscat. Naweza kushiriki?

Kwa droo nyingi, hapana. Masharti yanataka mkazi wa Uingereza mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na mshindi huombwa kitambulisho pamoja na uthibitisho wa makazi. Kutumia anwani ya shangazi aliyeko Leicester kutakutia aibu siku ya ushindi, kwa kuwa tiketi itafutwa. Shangazi mwenyewe akishiriki kwa jina lake na akashinda, akupe zawadi au asikupe, hilo ni lenu.

Ireland Kaskazini ina sheria zake tofauti. Wakazi wa huko wasome masharti kwanza waone kama wanaruhusiwa.

Bahati nasibu ya taifa na zile za mashirika ya hisani, zina njia ya posta?

Hazina. Hizo zina leseni au usajili wa bahati nasibu na ni lazima kulipa. Na promosheni za kwenye pakiti za krispi au chupa za soda? England, Scotland na Wales, tangu sheria ilipoanza kutumika mnamo Septemba 2007, kampuni inaruhusiwa kukutaka ununue bidhaa mradi bei haijapandishwa kwa ajili ya zawadi. Ndiyo maana kuingia bure kwenye promosheni hizo kumepungua sana.

Je, hii si kamari?

Kisheria, aliyeingia bila kulipia nafasi yake hajacheza kamari. Kidini ni suala jingine: muulize shehe au mchungaji wako, na umweleze wazi kwamba wengine katika droo hiyo hiyo wamelipa.

Nimepigiwa simu kwamba nimeshinda, lakini nilipie usafirishaji kwanza.

Kata simu. Ni ndugu yake yule wa "ile hela itume kwenye namba hii". Mlango wa bure ukishatozwa pesa ili uchukue zawadi, si wa bure tena kisheria, kwa hiyo mwandaaji halali hana sababu ya kukuomba. Wanaoiga kurasa za kampuni kwenye Facebook ni wengi: ukurasa mpya, nembo ile ile, ujumbe wa faragha wenye kiungo cha kuingiza namba za kadi ya benki. Tafuta namba ya kampuni kwenye tovuti ya Companies House, rejista ya kampuni za Uingereza, ambako kuangalia ni bure, kisha wapigie kwa simu iliyo kwenye ukurasa wao wenyewe.

Upande wa pili, usipuuze simu ngeni ukiwa na kadi zinazosubiri droo. Masharti huweka muda wa kujibu, mara nyingi siku 14 au 28, ukipita zawadi huenda kwa mwingine.

Nikishinda nitakatwa kodi?

Zawadi yenyewe haitozwi kodi ya mapato Uingereza. Riba ya pesa hiyo benki inaweza kutozwa. Anayepokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, aangalie zaidi: akiba ikizidi pauni 6,000 malipo yanapungua, ikizidi 16,000 yanakoma, na ni wajibu kutoa taarifa. Ukishinda gari, uliza bima kabla ya kusherehekea. Kama masharti yanatoa pesa badala yake, pesa ndiyo chaguo la wengi wenye leseni changa.

Ndugu zetu wa Marekani je?

Kule kampuni haiwezi kukulazimisha kununua ili uingie droo ya bahati. Kadi ya kawaida ni ya inchi 3 kwa 5, imeandikwa kwa mkono, moja kwa kila bahasha, na stempu ya barua ilikuwa senti 78 kuanzia Julai 2025. Tofauti kubwa ni kodi: ushindi Marekani ni mapato, na hata zawadi ya gari hutozwa kwa thamani yake.

Tarehe ya droo imesogezwa mbele. Kadi yangu bado ni halali?

Kama ilifika kwa wakati, ndiyo. Kanuni za matangazo za Uingereza haziruhusu kusogeza tarehe ya mwisho kwa kuwa tiketi hazijauzwa. Lazima kuwe na sababu isiyozuilika, iliyo nje ya uwezo wa mwandaaji. Kwa jambo la tarehe, au la zawadi iliyobadilishwa, lalamika kwa Advertising Standards Authority, wasimamizi wa matangazo, kupitia fomu ya mtandaoni, ukiambatisha picha ya ukurasa kabla na baada ya mabadiliko. Kwa zawadi isiyolipwa, anzia Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, nao watalipeleka kwa Trading Standards, maofisa wa kulinda wanunuzi. Gambling Commission, tume inayosimamia kamari, watakuambia droo za bure haziko chini yao.